Kigae Chenye Masizi

Kigae chenyewe hakizidi kiganja cha mtoto. Nje ni cheusi, ndani ni chekundu kilichofifia, na ukikitazama ubavuni, pale kilipovunjikia, unaona chembe nyeupe za mchanga zilizotawanyika ndani ya udongo. Juu, mahali shingo ya chungu inapokutana na bega lake, umepita msururu wa pembetatu zilizochorwa kwa ncha ya kijiti kabla udongo haujakauka, na kila pembetatu imejazwa mistari ya mshazari iliyolala sambamba. Pembetatu mbili zimetimia sawasawa. Katika ya tatu mstari mmoja umezidi, ukavuka mpaka, ukaingia kwenye uwanja mtupu wa bega. Labda mtoto alilia. Labda wingu lilitanda na vyombo vilikuwa bado uani. Masizi yaliyoganda chini ya mchoro yanaonyesha kwamba mstari huo uliopotoka haukumzuia mtu kukiinjika chungu. Kilipikiwa, kikaepuliwa, kikainjikwa tena, siku baada ya siku, hadi siku kilipoanguka.

Vigae vya jamii hiyo ndivyo vinavyonirudisha katika makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, mahali ambapo sisi wenyeji tunapaita Ngomeni. Jengo limeyapita makumbusho kwa umaarufu. Wareno walilijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano kutoka Milano. Likatwaliwa, likazingirwa, likabadilisha mabwana mara nyingi. Waingereza wakaligeuza jela tangu 1895 hadi 1958, na baada ya hapo milango ikafunguliwa kwa watu waliokuja kutazama badala ya kufungwa. Anayeingia huona kwanza mizinga, kuta nene za matumbawe na bahari inayong'aa baina ya matundu ya kuta. Vyumba vya makumbusho ni vidogo ukivilinganisha na ngome, na vilivyomo vimetoka Gedi, Manda, Ungwana na magofu mengine ya mwambao, pamoja na vile vilivyopandishwa kutoka chini ya maji mbele ya ngome yenyewe. Mtu anaweza kuvimaliza vyumba hivyo kabla adhana ya adhuhuri haijafuatwa na ya alasiri, na bado akabakiwa na muda wa kunywa madafu nje. Wengi huvimaliza upesi zaidi. Husimama mbele ya vyombo vya Uchina, hupiga picha, kisha huvipita vyungu vyeusi bila hata kugeuza shingo.

Siwalaumu. Nani asiyevutwa na bakuli la kijani cha bahari lililokuja kutoka tanuri za Longquan, likavuka Bahari ya Hindi nzima, na rangi yake hata leo haijachuja? Wazee wetu nao walivutwa. Waliyachonga madaka katika kuta za nyumba za mawe, safu juu ya safu, ili sahani za sini zipate pa kukaa na mgeni azione. Walizipachika katika misikiti na makaburi. Kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini ya Malindi, lilipambwa kwa bakuli za enzi ya Ming. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoulilia mji wa Pate katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, aliyataja madaka hayo ya sahani kuwa yamegeuka malazi ya makinda ya ndege, na msomaji wa pwani alielewa mara moja ukubwa wa msiba. Sahani nyeupe ilikuwa na kazi nyingine pia, ambayo bado haijafa: kuandikiwa kombe, aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Chombo kilichotoka kwa watu wasioijua dini yetu kikabeba maneno matukufu kuliko yote tuliyo nayo. Hiyo ndiyo maana ya mgeni njoo mwenyeji apone, na hakuna la kuonea haya hapo.

Langu ni jingine. Kwa muda mrefu sahani ya mgeni haikuonyeshwa tu. Ilipewa pia kazi ya kusema wenyeji ni akina nani. James Kirkman, mtu aliyechimba Gedi tangu 1948 na baadaye akaifukua na kuisimamia ngome hii hii, alifanya kazi ambayo kila mpenda historia wa pwani anaidai shukrani. Bila yeye, magofu mengi yangeendelea kumezwa na mizizi ya msitu. Lakini kitabu chake cha 1954 kuhusu msikiti mkuu wa Gedi kiliuita mji ule, kwenye jalada kabisa, mji wa Waarabu. Na nyumba alizozifukua zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Fedha ya Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Ni majina mazuri, na mtoto akiyasikia mara moja hayasahau. Ila pita nyumba hadi nyumba chini ya mibuyu ile, soma vibao vyote, hutakuta Nyumba ya Chungu. Ushanga mmoja uliodondoka kutoka shingoni mwa mtu ulitosha kuipa nyumba nzima jina. Vyungu vilivyoilisha nyumba hiyo miaka yote havikutosha.

Na vyungu hivyo si kwamba vilikosekana. Katika magofu ya mwambao, vigae vya vyombo vilivyotoka ng'ambo, ukivijumlisha vya Uchina, vya Uajemi na vya Uarabuni, mara nyingi havifiki 5 katika kila 100. Vilivyobaki vyote ni udongo wetu. Mchimbaji anapofikia jaa la mji wa kale, vigae vyeusi humjia kwa makapu na kile chenye rangi humjia kimoja kimoja, na mwanadamu ameumbwa kushangilia kinachomjia kwa nadra. Kwa mchimbaji iko sababu nyingine ya maana: vyombo vya Uchina tarehe zake zinajulikana, kwa hiyo kigae kidogo cha buluu na nyeupe humwambia tabaka alilofika ni la karne gani. Ni kalenda. Chungu cha kupikia kilibadilika polepole, mama akimfundisha binti, binti akimfundisha wake, na asiye na subira ya kukisoma hukiona kimenyamaza. Basi kalenda ikapanda kwenye kabati la kioo na chakula kikatiwa gunia. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Walikuwa wakimsikitikia anayewatengenezea wengine vyombo vizima huku yeye mwenyewe akila kwenye kipande. Sikudhani, nilipoifundishwa methali hiyo, kwamba ingemfuata mfinyanzi hadi makumbusho.

Hebu tukae na kazi yake kidogo, maana kioo cha makumbusho huificha. Udongo hauchimbwi popote. Uko wa kufinyangia na uko wa kukandika ukuta, na ajuaye huutambua kwa kuubana kati ya vidole. Hutwangwa, huchekechwa, hulowekwa, hukandwa pamoja na mchanga ili chungu kisipasuke kikionja moto. Mfinyanzi wa pwani hakuwa na gurudumu wala tanuri. Alianza na bonge, akalitoboa kwa ngumi, akazivuta kingo zipande, mkono mmoja ndani, mwingine nje, akilisikiliza tumbo la chungu kwa vidole ili lisiwe nene huku na jembamba kule. Kokoto laini au ganda la baharini lililainisha ngozi yake. Kisha mapambo, ikiwa mwenyewe alipenda, halafu kivuli, siku za kungoja, na hatimaye moto wa wazi wa kuni, makuti na makumbi, ambao hauna kipimajoto ila jicho la aliyeuwasha. Vingine vilipasuka humo humo. Vilivyopona vilikwenda kila kimoja na kazi yake: mtungi wa maji, chungu cha wali, kaango la samaki, mkungu wa kufunikia, chetezo cha kufukizia udi. Kwa sehemu kubwa ya mwambao na bara lake, kazi hii ni ya wanawake, na hakuna sababu ya kudhani zamani ilikuwa vinginevyo. Ule mstari uliovuka mpaka, basi, karibu yakini ni wa mkono wa mwanamke. Ukitazama ndani ya vigae vingine utaona vishimo vya vidole vyake, na kama mlinzi angekuruhusu, wewe mwanamke unayesoma haya, vidole vyako vingeingia humo bila kubanwa.

Katika vyumba hivyo hivyo vya Ngomeni kuna wafu wengine wenye bahati zaidi. Manowari ya Santo António de Tanná ilitumwa kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani ngomeni kati ya 1696 na 1698, na mwaka 1697 ikazama hapo mbele, chombo cha kuzama hakina usukani. Kuanzia 1977 hadi 1980 wapiga mbizi na wanaakiolojia waliifukua chini ya maji. Sasa tunalijua jina lake, tunajua ilijengwa Bassein huko India, tunazo kasiki zake na mbao zake zilizochongwa. Yote hayo ni mema. Lakini meli ile ilikaa Mombasa kwa muda mfupi, ikaja kwa vita, ikazama. Na aliyepikia watu wa kisiwa hiki maisha yake yote hana hata herufi moja. Hivyo ndivyo kumbukumbu za maandishi zinavyofanya kazi: huandika kinachofika kwa kishindo. Ardhi haibagui hivyo. Mkeka umeoza, nguo ya kale imeoza, mlango umeliwa na mchwa, nyimbo za kulaza watoto zimekwenda na pumzi za walioziimba. Udongo uliochomwa haukuoza. Chungu kilipovunjika kilikoma kuwa chungu, ila kama ushahidi ndipo kilipoanza kazi.

Nao ushahidi, uliposomwa kwa subira, uliigeuza habari yote. George Abungu, mwanaakiolojia Mkenya, alifuata vigae kutoka Ungwana, pwani, akapanda navyo kando ya mto Tana, na akawakuta watu wa bara na watu wa mwambao wakishiriki ufinyanzi na maisha. Upande wa Tanzania, Felix Chami alitetea kwa nguvu, katika kazi yake ya 1994, kwamba vyungu vya pembetatu vilitokana na vya wakulima na wafua chuma waliotangulia pwani hiyo, na hao waliotangulia walikuwa wameshatambuliwa miaka ya 1960 na Robert Soper kwa vigae vya Kwale. Kwale! Vuka Likoni tu, panda gari, umefika. Na huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mdogo zaidi, na chini yake mwingine, hadi akafika kwenye ule wa miti, wa karne ya 8. Waliosali katika msikiti huo wa miti walikula kutoka vyungu vya pembetatu. Pembetatu hizo hizo zimeokotwa kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Ngazija, katika karne za 7 hadi 10, kabla mji wowote wa mawe tunaoutembelea leo haujasimama. Kabla ya jiwe kulikuwa na udongo, na waliokuwa na udongo hawakungoja jahazi lije ndipo wawe watu.

Mwaka 2023 ulichapishwa katika jarida la Nature utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya Waswahili kati ya karne ya 13 na ya 18 hivi, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko. Chapurukha Kusimba alikuwa mmoja wa walioufanya. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili zilizoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000: ya Afrika, ambayo kwa sehemu kubwa ilipitia kwa mama, na ya Asia, hasa Uajemi, ambayo kwa sehemu kubwa ilipitia kwa baba. Waliokuwa wakisimulia kwamba mababu zao walitoka Shirazi hawakuwa wakiongopa. Lakini tazama jinsi habari hii inavyokaa juu ya kile kigae. Baba alifika na merikebu, na pengine na sahani mkononi. Mama alikuwapo, na chungu kilikuwa motoni. Nasaba tulizorithi kwa maandishi zilihesabu akina baba, mwana wa fulani bin fulani, hadi ng'ambo. Za akina mama ziliandikwa kwenye mabega ya vyungu, kwa kijiti, na hakuna aliyeziita nasaba. Mapokeo ya mdomo, nashukuru, hayakusahau kabisa: Mombasa bado inamtaja Mwana Mkisi, malkia aliyekuwapo kabla ya Shehe Mvita, na kumtaja mwanamke kuwa mwanzo wa mji si jambo ambalo watu wangelibuni ovyo. Jifya moja haliinjiki chungu. Sitaki kulitoa jifya la Uajemi wala la Uarabuni wala la bahari yenyewe. Nataka tu lile la mama lisimame mahali pake, kwa kuwa likiondolewa chungu kinamwagika, na kwa miaka mingi tulisoma historia iliyomwagika.

Tumelipa gharama ya usomaji huo, na si katika vitabu peke yake. Mtoto wa pwani aliyekua akisikia kwamba kila kizuri cha kwao kililetwa, hujifunza kuutazama upeo wa bahari akingoja. Mtoto wa bara aliyesikia hayo hayo huitazama pwani kana kwamba si nchi yake, na hutuuliza Waswahili tumetoka wapi, swali ambalo hamuulizi jirani yake. Kabati la makumbusho linaweza kuonekana jambo dogo mbele ya maudhi ya namna hiyo. Mimi siamini ni dogo. Kilichowekewa taa na kilichowekwa gizani, kilichopewa kadi yenye jina na kilichorundikwa chini ya neno moja la jumla, hayo ni masomo yanayoingia kwa macho, na mwanafunzi aliyeletwa na shule yake hutoka nayo hata kama hakusoma sentensi moja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na mbachao, kwa kuwa ni wa kila siku, huhitaji kukumbushwa kuliko msala.

Wakati wenyewe umebaki mfupi. Jikoni kwetu sufuria ilishachukua nafasi ya chungu, na ndoo ya plastiki nafasi ya mtungi. Mwanamke aliyekuwa akitembea njia yote kuuza mitungi sokoni hawezi kushindana na bei ya plastiki, na binti yake, kwa haki kabisa, ametafuta kazi nyingine. Bado wako wanaofinyanga, na bado ziko nyumba ambazo mchuzi wa papa wa nazi hauguswi na sufuria, kwa sababu mwenye nyumba anajua ladha ya udongo. Wako wanawake wazee ambao ukiwapa kigae cha ukingo wataubashiri upana wa chungu, watakwambia kama kilikuwa cha wali au cha kitoweo kwa mkunjo wa mdomo wake na mahali masizi yalipokomea. Ujuzi huo ndio ungelifungua kabati lote. Haumo katika ripoti ya uchimbaji hata moja kwa namna wanavyoujua wao, na wakiondoka wataondoka nao, tubaki na vigae vyenye namba na vipimo bila mtu wa kutuambia vilipika nini.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwa wanaotunza makumbusho yetu ya pwani, Ngomeni, Lamu, Malindi, Gedi: chukueni chungu kimoja cheusi, kiwekeni katikati ya chumba chini ya taa ile bora, na kadi yake muiandike kwa Kiswahili cha jikoni, chungu cha wali, kaango, mkungu, na mseme wazi kwamba kilifinyangwa na mwanamke wa hapa. Waalikeni wafinyanzi walio hai waje wavisome vigae, na muwalipe kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote. Nawe msomaji, ukienda Ngomeni, usiende peke yako na simu. Nenda na bibi yako, au mama yako, au jirani aliyewahi kupikia kuni, madamu bado ana nguvu za kutembea juani. Mpitishe kwenye sahani za Uchina bila haraka, kisha msimame kwenye vyungu, umuulize kwao kila kimoja kiliitwaje, kiliwekwa wapi, kilipika nini. Atakachokwambia, kiandike, na juu ya karatasi hiyo andika jina lake kamili na la mama yake.